Mkono Wangu Unasema Kijapani

Mama yangu mzazi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje, na ile dawa ya kuchua bado ipo? Mimi mzima, nakula, nanenepa, na sasa nasema Kijapani. Usicheke. Mwanao ana Kiswahili, Kifaransa cha kuombea maji, Kizulu cha kugombana, na Kijapani. Na niliishia darasa la sita!

Nimepata maneno ya Mjomba kwamba kikao cha ukoo kimekaa, nirudi Kigoma, eti fundi aliyevunjika mkono hana kazi mjini. Mama, kikao kimemzika mtu anayekula ugali.

Ni kweli, siku lifti ya jengo letu ilipokufa nilianguka kwenye ngazi za ghorofani nikavunjika mkono wa kulia. Plasta ilipotolewa vidole vilikuwa kama vya mtoto mchanga, mkasi unaniponyoka. Mama Bijou, Mkongo mwenye karakana yetu ya kushona hapa mtaa wa Doornfontein, kwa Wazulu, akanivumilia, kisha akasema, "Fundi, nakupenda, lakini Ijumaa ya wiki ijayo usipokata nguo, cherehani yako nampa mwingine." Watu wote wakanipa pole. Pole asubuhi, pole jioni, mpaka nikaanza kutembea kama mgonjwa kweli.

Ndipo akaja mzee mmoja wa Kijapani, mwalimu wa judo, analeta makoti ya wanafunzi wake yaliyochanika. Akaona ninavyohangaika na mkasi. Hakunipa pole. Aliokota vitambaa chakavu, akavisokota vikawa mpira, akaniwekea kiganjani.

"Bana. Sema, tsuyoku naru."

"Maana yake nina nguvu?"

"Huna," akasema, bila haya! "Maana yake unazidi kupata nguvu. Wanafunzi wangu wanasema hivyo wakiwa chini, wameshaangushwa."

Eish, nilikasirika. Kisha nikabana. Nikabana nikitamka mpaka kwenye foleni ya mkate, mlinzi wa duka akaniuliza kama nimerogwa. Nikamwambia, "Kaka, heshimu wasomi."

Ijumaa Mama Bijou akatandika kitambaa cha judo, kizito kama gunia. Mafundi wote wakasimamisha cherehani. Nikakata. Jasho likanitoka mpaka kwenye kope.

"Mkono unatetemeka, papa," akasema.

"Unatetemeka na unakata," nikamjibu. "Huyo mwingine unamtafutia nini?"

Akapima kwa futi. Upande mmoja ulipinda kidogo. Niliona, naye aliona. Akanitupia jora zima. "Haya, Mjapani, kata yote. Ukipindisha tena nakufukuza kwa Kilingala."

Basi mwambie Mjomba namheshimu sana, lakini sirudi. Nikija nitakuja kutembea, nimevaa suti niliyoikata mwenyewe, siyo kuja kuuguzwa. Kile chumba alichonisafishia alaze kuku.

Nisalimie dada Zuhura na shemeji dereva, na Bibi mzaa baba, mwambie bado sijaoa Mzulu, alale salama. Mbusu kitindamimba wetu Asha, ajue kaka yake ni mtu wa dunia.

Barua iliyopita niliandikiwa na jirani. Hii nimeandika mwenyewe, kwa mkono uleule, siku tatu. Pale herufi zilipoanguka nje ya mstari ndipo nilipochoka. Zilizofuata, Mama, hebu zitazame vizuri, kisha mwonyeshe Mjomba.

Ni mimi mwanao, niliyesimama,

Ramadhani, fundi wa Doornfontein