Buni za Kibandani

Bweranyange, Karagwe

Mama yangu, nakushika miguu kutoka huku mbali. Usihofu kwamba najichosha. Matembezi ya huku ni ya raha tupu. Jana alasiri nilifunga duka, nikapita migombani taratibu, na kabla jasho halijanitoka nilikuwa kilimani, ukungu umejaa bondeni, hata ndege halii. Nikakuta kibanda kidogo cha nyasi, na ndani yake kikapu cha buni. Huku mgeni hukaribishwa kwa buni za kutafuna, basi nikaketi, nikatafuna mbili, nikashukuru kwa sauti ingawa sikumwona mwenyewe.

Niliporudi nikamsimulia jirani yangu Kaijage. Akasema, "Kile kibanda ni cha marehemu baba. Buni tunamwekea yeye. Umekula kwake, sasa naye atakuja kwako."

Nilicheka, mama. Leo asubuhi nimefungua mlango nikakikuta kikapu kile kizingitini, kimejaa. Kaijage anaapa kwamba hakukileta.

Niombee dua, na umsalimie sana dada Zena. Ukipata msafiri wa kuaminika nitumie halua, nisiaibike mzee akija.

Mwanao akupendaye,
Salimu