Magemu Uliyotutumia na Hilo la Dunguni

Ubaruku, Mbarali,
Mbeya.
Jumapili, 16 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Dastan,

Salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi ulichokuwa unakilalamikia kwenye simu kimeshakuachia. Nasikia huko Uswidi miezi hii jua halitaki kuzama. Sijui mnalala saa ngapi, ila ujilazimishe kulala.

Sisi tu wazima. Mama anaendelea vizuri. Goti la kushoto bado linamsumbua asubuhi, lakini akishakunywa chai anazunguka uani na kugombeza kuku kama kawaida yake. Shemeji yako Obeid hajambo. Damari, binti yangu, yuko hapa kwa likizo kutoka Tosamaganga anakofundisha, na amenisaidia sana katika kazi uliyonipa. Mpunga tumeshavuna nusu, limebaki jaruba la juu.

Nimeamua kuandika kwa mkono badala ya kukutumia ujumbe wa sauti. Haya ninayotaka kusema, nikiyasema kwa mdomo nitapandisha sauti, na majirani hawajaniomba hadithi.

Sanduku lilifika salama. Liberatus, mtoto wa baba mdogo, alilipokea Uyole akalileta na Fuso lake juu ya magunia ya mbolea. Mashine kubwa ya kuunga kwenye televisheni haikupata hata mkwaruzo, na kile kidude kidogo cha kushika mkononi pia kizima. Ulitaka nicheze magemu yale manne ya wenzenu, kisha la tano mnalolitengeneza ninyi, nikupe maoni ya kweli, maana huko kazini mnasifiana tu. Basi nimecheza. Wiki mbili, mwanamke wa miaka arobaini na tisa, nimekaa mbele ya televisheni huku Damari akinielekeza kidole kipi kibonyeze wapi. Pokea maoni yako.

Lile la wanaume wawili wanaopigana limenitia kichefuchefu, na sisemi hivyo kwa utani. Mmoja anamvunja mwenzake shingo, damu inaruka hadi kwenye kioo, halafu sauti inatangaza ushindi kwa furaha kama harusini. Aliyekufa analala pale pale. Hakuna msiba, hakuna hata mtu wa kumfunika khanga. Unabonyeza kitufe, maiti inasimama, wanaanza upya. Nilimuuliza Damari watoto wanapenda nini hapo, akasema wanapenda kushinda. Nikamwambia wakacheze bao.

La magari ni baya zaidi, kwa sababu linajifanya halina ubaya. Gari linakwenda kasi, linapanda sokoni, linasambaza vibanda na nyanya, nawe unaongezewa alama. Liberatus alilicheza siku aliyoleta sanduku. Unajua alikuwepo Uyole lile lori lilipofeli breki likaingia kwa wauza viazi, yeye ndiye aliyemtoa mama mmoja chini ya tairi. Gari lake la kwenye televisheni lilipovunja kibanda cha kwanza aliweka chini kile kidude cha kuongozea, akachukua kofia yake, akaaga. Hata chai hakunywa.

Kwenye kile kidogo cha mkononi mna gemu la kupanga vijiwe vya rangi. Hilo halina damu, nilidhani litanifaa. Limemfaa Obeid. Mzee wa kanisa, mtu mzima na mvi zake, anakwenda nalo mpaka chooni. Jumanne iliyopita alichelewa maziko ya jirani yetu kwa sababu alibakiza vijiwe vitatu vya kijani, na alipofika alikuta wanashindilia udongo. Nimeona aibu mimi, yeye hajaona. Sasa kidude hicho nakificha ndani ya pipa la mchele, na chaji yake iko kwa Damari.

Lile la kilimo nililisubiri kwa hamu, nikajua hapa tutaelewana. Dastan, huo ni uongo mtupu. Unapanda mahindi kabla maji ya chai hayajachemka, na chai ikiiva umeshavuna. Ng'ombe haugui ndigana. Mvua iko kwenye kitufe. Hakuna zamu ya maji, hakuna anayefika shambani akakuta mwenzake amefungulia mfereji upande wake, hakuna kikao cha kugombana mpaka watu wanatajiana marehemu. Aliyelitengeneza nina hakika hajawahi kuoga mara mbili ili tope litoke kwenye kucha. Kinachonichukiza ni kwamba mtoto wa mjini atalicheza, kisha atatuona sisi wavivu.

Sasa nije kwenye la kwenu. Nitasema haki kwanza. Majaruba umeyachora sawasawa, hata ile kona ambako tuta lilikuwa linabomoka kila mwaka. Umewaonyesha Wazungu kuwa dungu ni kichanja cha miti, kwamba mtoto anapanda juu na kombeo na debe bovu, anaamia ndege kuanzia alfajiri. Kweleakwelea wanakuja kama moshi, wanapinda wote pamoja, na nilipowasikia mkono wangu ulitafuta jiwe. Damari alinicheka. Kwa hilo nakupongeza, una kipaji.

Ukaniambia lakini kwamba bila sauti ya Mama gemu halisimami, na kwamba karatasi ya kuruhusu sauti yake itiwe saini kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo kampuni itamtoa Mama na pengine kuliacha gemu lenyewe. Nilielewa. Najua umelifanyia kazi miaka minne. Mama naye alisema hawezi kutia saini kitu asichokiona. Ni haki yake. Basi Alhamisi baada ya chakula cha mchana tulimketisha mbele ya televisheni, Damari akacheza.

Unajua mwenyewe kilichomo. Mtoto mwenye shati jekundu yuko dunguni peke yake. Anarusha mawe, anapiga debe. Kisha kwenye mfereji anaruka kambare, mkubwa, na maandishi yanakuhimiza ushuke ukamkamate upate alama mia. Damari akashuka. Mama akauliza huyo anakwenda wapi, Damari akamjibu, kukamata kambare, bibi. Aliporudi ndege walikuwa wameshashuka shamba zima. Ndipo anapotokea mama wa kwenye televisheni na kitenge chake, anamshika mtoto kichwa, na kwa sauti ile ya Mama uliyoinasa kwenye simu mwaka juzi anasema, "Si neno, mwanangu. Anza tena."

Mama hakucheka wala hakushangaa kusikia sauti yake. Aliuliza dada wa huyo mtoto yuko wapi. Damari akamwambia kwenye gemu hili hakuna dada, mtoto yuko peke yake. Mama akamwambia azime.

Akageuza kiti chake akanielekea. Kisha akaniita.

"Esnath. Mwaka ule wa ndege, dunguni alikuwa nani?"

Dastan, nilianza kukusanya vikombe. Nimelinyamazia jambo hilo miaka thelathini na mitatu.

"Jioni ile Dastan aliniletea kambare," akasema. "Nikamsifu. Nikamkaangia yeye, na wewe nikakunyima. Kesho yake nikakutoa shule."

Nikamwambia, Mama, hayo yameshapita. Akanitazama, akauliza, "Kwako yamepita?" Damari alikuwa pale, anasikia kwa mara ya kwanza kwa nini mama yake aliishia kidato cha pili.

Sasa nikuandikie yale ambayo hatujawahi kuyasema sisi wawili. Ilikuwa likizo ya Juni, nilikuwa nimerudi kutoka shule Iringa. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mmoja, ndiyo kwanza umetoka kuugua malaria. Nilikuachia dungu nikaenda nyumbani kuchukua uji wetu, na nilikuta foleni ya maji kisimani nikachelewa. Niliporudi wewe ulikuwa mferejini na kambare, na shamba lilikuwa limebaki makapi. Mama alipokuja na fimbo nilisema ni mimi niliyeondoka nikaacha zamu yangu, kwa sababu ulikuwa umekonda na niliona fimbo zitapita tu. Sikujua kuwa atasema mtu asiyejali ada yake inakotoka abaki alime. Ulikuwa nyuma ya mlango, umemshika kambare wako, ukasikia kila neno.

Sikulaumu kwa siku ile. Mtoto wa miaka kumi na mmoja ni mtoto, na uongo niliusema mimi kwa kinywa changu. Wala sikujutia kukuona ukisoma. Matokeo yako ya kidato cha nne yalipotoka nilikuwa na mimba ya Damari, na nililia kwa furaha, uliza watu.

Ila wewe leo una miaka arobaini na minne. Umekaa miaka minne kwenye kiti huko, ukachora tuta linalobomoka, ukachora debe na kutu yake, ukachora kambare mpaka ndevu zake zinacheza majini, na dada yako hukumchora. Hukunisahau, maana mtu anayekumbuka ndevu za kambare hasahau mtu. Ulinitoa. Hilo linanichukiza kuliko yule anayevunjwa shingo, maana wale sijui mama yao.

Na linalonichukiza zaidi ni neno ulilomwekea Mama mdomoni. Ulipomketisha na simu ukamwambia aseme hivi na hivi, alidhani unachukua kumbukumbu ya sauti yake. Akakusemea, kwa sababu anakupenda. Lakini mwaka ule hakusema si neno. Lilikuwa neno kubwa sana. Tulikula viazi na mboga ya maboga mpaka Machi. Hakuna aliyeanza tena. Mimi nilianza kuparua matuta. Watoto wa Wazungu wataambiwa hivi ndivyo ilivyokuwa kwetu, kwamba ukiacha zamu yako mama anakushika kichwa na ndege wanarudi angani.

Usinielewe vibaya nikisema nimechukia. Nimechukia kweli. Usiku wa Alhamisi sikula. Ijumaa nilikwenda kuvuna nikakata mpunga kwa hasira mpaka Obeid akaninyang'anya mundu nisije nikajikata kidole. Amejua naye. Hajasema lolote juu yako, amekuwa akinitengea maji ya kuoga kila jioni, kitu ambacho hakijatokea tangu tuoane.

Kuhusu karatasi. Ijumaa jioni nilimwekea Mama kalamu mezani, nikamwambia bado ni kazi yako, miaka minne si mchezo, na kama akitia saini mimi sitamlaumu. Nilisema kwa moyo mmoja, Mungu ananiona. Hata sasa sitaki ukose riziki kwa sababu yangu.

Mama aliikunja karatasi mara nne akaiweka ndani ya kibeti chake cha kanisani. Nikapendekeza tukupigie simu muongee. Akakataa. Amesema simu ukitaka unaizima, na kwamba atatia saini au hatatia ukiwa umekaa mbele yake, si kabla. Nikamwambia nauli ni kubwa na ruhusa kazini ni ngumu. Akasema mtoto wake ana akili, atajua la kufanya.

Mimi ameshaniomba msamaha. Alifanya hivyo jana alasiri, mbele ya Damari, akiwa amesimama na goti lake lile, akakataa kukaa mpaka nimjibu. Nimemsamehe. Sitaki kukueleza zaidi ya hapo, ni yangu.

Ila nikuambie jambo moja ili usije ukajiandaa vibaya. Nilidhani atataka kukuuliza kuhusu ndege, kwa nini ulishuka dunguni. Hana habari na ndege. Asubuhi hii tukitoka kanisani alinishika mkono akaniambia anataka kukuuliza kitu kimoja tu: yule kambare alikuwa mtamu?

Damari anakuamkia, shikamoo mjomba, ingawa amesema hivyo kwa uso uliokunjamana. Obeid anakusalimu, na anaomba radhi kwa niaba ya vijiwe vyake. Liberatus anasema ukifika Mbeya mpigie, atakufuata hata usiku wa manane, na hatakuuliza chochote njiani. Msalimie yule mama mwenye nyumba wako anayekupa mkate.

Mungu akulinde safarini, na akishakufikisha akupe kinywa cha kusema.

Ni mimi dada yako ninayekupenda, leo pia,

Esnath