Niliwaita kwa Picha za Masika, Wakafika Kipupwe

Shikamoo Shangazi Valeria. Nisaidie haraka, nakuandikia nikiwa ofisini kwangu Malangali, hapa Sumbawanga, nimefunga mlango vijana wangu wasinione nalia.

Mimi ni binti wa hapa hapa, nina miaka thelathini na sita, nilikaa Dar miaka kumi na moja nikitengeneza programu za kompyuta, mwaka jana nikasema basi, narudi nyumbani nifungue kampuni yangu, nikapata kazi ya kuwatengenezea wanunuzi wa mahindi mfumo wa kwenye simu, wa kukabidhi mwezi wa kumi, mafundi nikawatafuta Dar, watatu, nikawatumia picha za milima ya kijani, ng'ombe, maporomoko ya Kalambo, nikawaambia njooni mfanye kazi mahali pazuri hivi, na sikudanganya Shangazi, ila picha zote nilizipiga mwezi wa pili, masika yetu ya huku, wao wamefika mwezi wa sita, majani yamekauka, upepo unakata masikio, na Abel, kiongozi wao, alishuka kwenye basi amevaa kaptula.

Baridi wameizoea, makoti nimewanunulia, kinachowamaliza ni upweke, na hapo kosa ni langu, maana siku walipofika nilipita kwa majirani nikawaambia hawa ni wataalamu, msiwaite shambani, msiwasumbue na misiba, na majirani wakanisikiliza, wakaitana kuvuna ulezi kwa zamu kama kawaida yetu, wakanywa pombe yao, kwa vijana wangu hakuna aliyepiga hodi, mpaka mama akanifokea, "Klementina, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe umewapa nini? Pazia?" Wiki iliyopita mmoja wao aliugua homa siku nne, hakuja mtu kumpa pole, na Abel akaniambia, "Dada, huku ni pazuri, ila hakuna anayetujua hata majina. Ijumaa tutakwambia kama tunabaki."

Nimewaza kuwaongezea mshahara, nimewaza hata kuwadanganya kwamba mkataba wao hauvunjiki, na yupo binti wa hapa jirani Pito, Salome, amesomea kompyuta hizo hizo, kaleta maombi mara mbili nikamwambia asubiri, maana mteja akisikia mafundi ni wa huku huku atanidharau, kwa hiyo ninao hawa watatu tu, wakiondoka kampuni imekufa, na kurudi Dar sirudi ng'o. Nifanyeje wabaki?

Klementina, Malangali

Marahaba, Klementina. Pole mwanangu. Futa machozi, halafu ukae vizuri maana nitakusema.

Eti mkataba hauvunjiki? Thubutu! Fundi uliyemfunga kwa uongo atakufanyia kazi nusu nusu huku anatafuta nyingine. Na mshahara uache ulivyo. Abel hajakuomba hela, kakwambia hajulikani. Sikiliza unachoambiwa.

Ulidhani unawaheshimu, na wewe umezaliwa hapo! Mtu asiyeitwa kwenye kazi ya pamoja anajiona ametengwa, hata awe na digrii tatu. Nenda kwa majirani leo, usitume mtu, uombe radhi kwa mdomo wako na uwatajie majina ya vijana mmoja mmoja. Ulezi umekwisha, lakini mahindi ya kupukuchua yapo. Kesho jioni wapeleke, na wewe ukae chini upukuchue. Vidole vitawauma, watataniwa, watacheka. Msiba ukitokea, waende. Wakiumwa wao, watu watakuja.

Kabla ya Ijumaa waambie pia ukweli wote: kwamba baridi hii ni ya mpaka mwezi wa nane, kwamba umeme hukatika, kwamba picha zilikuwa za masika. Atakayetaka kuondoka mpe nauli na asante, usimnunie.

Sasa la Salome. Hapo umeniudhi kweli. Unawaita watu kutoka Dar ukiwasifia Ufipa, halafu mwenye akili aliyezaliwa Ufipa unamwambia asubiri kwa sababu ni wa Ufipa! Kwani huyo mteja kazi alimpa nani? Si wewe, wa huku huku? Umewaficha wageni wasiwaone wenyeji, na mwenyeji umemfungia mlango. Halafu unashangaa ofisi ni ya upweke.

Chukua bodaboda uende Pito. Usimpigie simu. Wasalimie wazazi wake, umwombe binti radhi mbele yao, na Jumatatu aanze kazi kwa mshahara ule ule wa wale wa Dar. Wakibaki, Salome atawaonyesha pa kununua maziwa na kwa nani wapige hodi. Wakiondoka wote watatu, mtabaki wawili, mtamweleza mteja ukweli, mtaomba muda, mtafanya kazi. Kampuni inayokufa kwa sababu watu watatu wamepanda basi la Dar, mwanangu, ulikuwa bado hujaileta Sumbawanga.