Nilimwambia Mkwe Wangu Maboksi Marefu Yameisha Dukani

Mshauri wangu mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Mimi ni mama wa makamo, mjane, kazi yangu kushona, na kila wiki nakusoma nikiwa nimeegemea cherehani nikingoja pasi ipate moto, sasa leo zamu yangu imefika na naomba unishike mkono, ila kwanza nimshukuru Mungu kwamba nyumba yangu ipo na mimi nipo, maana juzi saa nne asubuhi nilidhani vyote viwili vinakwenda.

Nyumba yetu imejengwa kwenye mteremko. Ukiingia mlango wa barabarani uko sebuleni, ukishuka ngazi tisa uko chumba cha chini, ambacho nusu yake imezama ardhini na kina kidirisha kimoja kilicho usawa wa viatu vya wapita njia. Humo ndimo ninamoshonea, na hata jua likiwaka vipi nje, humo huwezi kuona tundu la sindano bila taa. Binti yangu akanihurumia macho, akaniletea swichi mbili za kisasa, zile za kuzungusha ukaongeza mwanga au ukaupunguza, moja ya taa ya juu ya cherehani na nyingine ya taa ya meza ya kukatia. Kwa mbele ni nzuri, nyembamba, nyeupe pe. Kwa nyuma zina mgongo mnene kama kipande cha sabuni ya kufulia.

Mume wa binti yangu ni fundi umeme. Ni kijana mpole, ukimpa chai anashukuru mara mbili, na mbele yangu hainui macho ovyo, nikitania yeye anatabasamu akitazama sakafu, heshima ya mkwe anaijua. Alishuka, akapima ukuta, akaniandikia kwenye kikaratasi: maboksi mawili ya swichi, ya chuma, kina milimita 47. Alitaka akanunue mwenyewe, mimi nikamwambia aniachie, duka lile la vifaa vya umeme analonunua yeye siku zote liko jirani na duka la uzi na mimi nilikuwa napita huko. Akaniambia, "Basi yawe ya kina kirefu, mama. Swichi hizi ni nene, na nyaya nazo zinataka pa kulala."

Sasa sikia ujinga wangu. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimeletewa kitambaa cheupe cha majoho ya kwaya yetu, majoho thelathini na mawili, kingine nimekitandaza mezani na kingine nimekining'iniza kwenye kamba kona hadi kona. Muuzaji akaniwekea maboksi juu ya kaunta, moja limezama ndani kama kikombe na lingine kama kisahani, akaniuliza lipi. Nikalitazama lile refu nikaona tundu litakalochimbwa kwenye ukuta wangu wa mawe, nikaiona patasi, nikaliona vumbi likitua taratibu juu ya kitambaa cha nyumba ya Mungu, nikajisemea boksi ni boksi, likishaingia ukutani nani analiona, nikachukua yale mafupi ya milimita 25. Na nilipomkabidhi mkwe wangu nikamwambia marefu yameisha dukani.

Yeye aliligeuza boksi mkononi mara mbili, akauliza kwa upole, "Yameisha kabisa, mama?" Nikasema kabisa. Mshauri, nilisema hivyo kwa mdomo uleule niliotoka kuimbia sala ya asubuhi.

Akasema sawa. Akachimba, akayatia ukutani, na vumbi halikuzidi ukufi mmoja, nikajiona mjanja, lakini swichi zikakataa kuingia, zikatokeza nje unene wa kidole. Akaniambia hizo mbili nisizitumie kwanza, atarudi kuzimalizia, kwa sasa nitumie ile ya kawaida iliyoko mlangoni na nichomeke taa ya mezani. Miezi miwili imepita. Kila anayeshuka kupimwa joho anazungusha swichi, hapati kitu, anacheka, mpaka mama mmoja wa sauti ya kwanza akambandika mkwe wangu jina la Fundi Mapambo. Nami nilicheka pamoja nao.

Lililoniingia mifupani ni la mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Kanisa letu linamalizia ukumbi mpya, na mafundi wanaofikiriwa kuuwekea umeme ni wawili, mmoja ni mkwe wangu, ambaye tangu mwaka uanze hajapata kazi iliyovuka wiki mbili. Mwenyekiti, naye ni mwanakwaya, alikuja kupimwa joho, akazungusha swichi ya kwanza, akazungusha ya pili, akanigeukia: "Kama kwa mama mkwe ni hivi, kwetu sisi itakuwaje?" Tepu ya kupimia ilikuwa mabegani mwake na mikono yangu iko juu yake. Neno moja tu lingetosha. Mimi nikamwambia, "Inua mkono nipime kwapa."

Maneno yale yalimfikia binti yangu, naye akanisimulia kwa uchungu, akasema mumewe aliposikia aliosha mikono akakaa kula. Binti akaniuliza, "Na wewe mama ulimwambiaje?" Nikajifanya nina pini mdomoni.

Basi juzi nikiwa peke yangu chini nikasikia harufu ya kuungua. Macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye zile swichi. Sikuuliza, nilipanda ngazi tisa kama msichana, nikazima swichi kuu, nikatoka nje, nikapiga magoti palepale kizingitini watu wakipita, nikasema Bwana, ukiiokoa nyumba hii nitamwambia mkwe wangu na kamati nzima kwamba mwongo ni mimi. Mkwe wangu alikuwa kazini mbali, nikamwita fundi umeme mwingine, mama mmoja wa mtaa wa pili. Alishuka na tochi yake, akaitoa swichi ya kwanza, akaitoa ya pili, akagusa boksi kwa mgongo wa mkono. Lilikuwa baridi. Ndani yake kila ncha ya waya ilikuwa imefunikwa peke yake na kulazwa vizuri, hakuna iliyogusa swichi. Akaniambia, "Mama, hata ukiwasha swichi kuu, swichi hizi hazipati umeme hata wa kumshtua mbu. Aliyefanya hivi aliona nafasi haitoshi. Angelazimisha, nyaya zingebanana, na swichi hizi zina joto lake, hapo ndipo ungeniita kwa kweli." Kisha akanusa huku na huku, akainua pasi yangu. Chini yake imenata sponji ya mabega, imekuwa nyeusi kama lami.

Mshauri, nilikaa kwenye ngazi nikalia na kucheka kwa pamoja. Tangu siku hiyo nalala usingizi ambao nilikuwa nimeusahau. Lakini hofu ilivyoondoka naona na ile ahadi inataka kuifuata. Yule fundi mama yuko tayari kuja kuniwekea maboksi marefu, nusu siku tu, na mtu asijue. Na mimi ni mjumbe wa kamati, tunakaa Jumapili ya mwisho wa mwezi, naweza kunyoosha mkono kumchagua mkwe wangu bila maelezo. Je, hiyo haitoshi mbele za Mungu? Maana mama mkwe anasimamaje mbele ya mkwe wake na kusema nilikudanganya? Naogopa hatakunywa tena chai yangu, na sijui binti yangu nitamtazamaje.

Ni mimi,
Mshonaji wa Chumba cha Chini

*

Mama Mshonaji,

Pole kwa mshtuko, na nafurahi una nyumba ya kuandikia barua. Nimefurahi nawe kweli. Furaha hiyo tuiweke pembeni kidogo, nikuseme.

Haitoshi. Ahadi uliyoiweka moshi ukiwa puani haifutiki kwa sababu pua imepoa. Hukumwahidi Mungu kwamba utanyoosha mkono kimyakimya, wala hukumwahidi fundi wa mtaa wa pili. Ulisema utamwambia mkwe wako na utaiambia kamati, na magoti ulipiga kizingitini, watu wamekuona.

Unaogopa mkwe wako akijua. Mama yangu, soma tena barua yako mwenyewe. Umeniandikia kwamba duka hilo ndilo analonunua yeye siku zote. Mtu anayeingia duka hilo kila wiki hajui kilichoko kwenye rafu? Alikuuliza mara ya pili, "Yameisha kabisa?" Lile halikuwa swali, lilikuwa mlango amekufungulia utoke bila aibu. Wewe ukaufunga, akakuachia ufunguo. Anajua. Amejua tangu siku ya kwanza, na kwa miezi miwili ameitwa Fundi Mapambo, ameona kazi ya ukumbi ikimponyoka, na hajasema "ni mama mkwe ndiye aliyenunua". Wengine tuna watoto wa kuzaa ambao hawangetusitiri hivyo hata kwa siku moja.

Kwa hiyo huendi kumpasulia siri. Unakwenda kumtua mzigo anaoubeba kwa niaba yako.

Fanya hivi. Huyo fundi mama mshukuru sana, na mwambie kazi ina mwenyewe. Kazi ya mkwe wako ikimaliziwa kwa siri na mkono mwingine, umemthibitishia mwenyekiti kwamba kweli ilimshinda. Kesho nenda dukani na swichi yenyewe mkononi, si picha yake wala kumbukumbu yake. Iweke ndani ya boksi palepale kaunta. Mgongo wa swichi ukishakaa, ndani lazima ibaki nafasi ya nyaya kujikunja bila kubanwa. Ikibidi kusukuma kwa kiganja ili ukae, boksi hilo ni dogo, liache hata likiwa zuri namna gani. Mkwe wako alikuandikia 47, chukua 47. Usimfundishe fundi kazi yake, kama yeye asivyokufundisha kukata kwapa. Ila muulize jambo moja, kama ukuta huo uliozama ardhini unapitisha unyevu, na kama unapitisha ashughulikie hilo kwanza, kwa sababu boksi la chuma kwenye ukuta wa maji ni balaa jingine.

Akija, usimzungushe na habari za hali ya hewa. Mbele ya binti yako, weka maboksi mezani na kile kikaratasi chake kama unacho bado, useme sentensi moja: hayakuwa yameisha, niliogopa vumbi. Basi. Usilie sana, maana ukilia ataanza kukubembeleza yeye, na siku hiyo si zamu yake. Tena fanya hivyo kabla ya Jumapili ya kamati, asije akasikia toba yako kwa watu.

Jumapili, simama. Mbele ya kamati iliyosikia Fundi Mapambo akichekwa, na wewe ukiwa mmoja wa waliocheka, waambie kwa nini swichi haziwaki: kwamba wewe ulinunua maboksi mafupi, na fundi huyu alikubali kuchekwa kuliko kuwasha kitu cha hatari nyumbani kwa mtu. Kisha kaa chini na usipige kura, wewe ni mkwewe. Wakishajua hilo wakamchagua mwingine, ni haki yao, lakini watakuwa wamechagua wakijua.

Na pasi, mama. Umemsingizia fundi moyoni, umemsingizia umeme, umemsumbua Mungu, na pasi yako imekaa juu ya sponji. Ichomoe kila unaponyanyuka, hata kama unakwenda kufungua mlango tu.

Mshauri

*

Wasomaji, mwenye barua ameniletea mistari michache. Naiweka kama ilivyo.

Mshauri, nimefanya. Nilimwita na mke wake, nikaweka maboksi mezani, nikasema sentensi yangu ile moja. Kwa mara ya kwanza tangu amuoe binti yangu aliniangalia usoni. Akasema, "Nilijua, mama. Siku ileile jioni nilipita dukani, yalikuwepo rafu nzima."

Nikamuuliza kwa nini basi hakuyanunua akaja kuyabadilisha, akakaa anachekwa miezi yote hiyo. Akarudisha macho sakafuni. "Niliona kitambaa cheupe kila mahali. Nikasema ngoja mama amalize majoho kwanza, ndipo nichimbe."

Binti yangu alinyanyuka akaenda kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba. Mkwe wangu alikunywa vikombe viwili.

Jumapili nilisimama. Nilisema yote, hata kile kicheko changu. Mwenyekiti akasema fundi wa kukataa kuwasha ndiye anayemtaka kwenye ukumbi wenye watoto, na yule mama wa sauti ya kwanza, ambaye naye ni mjumbe, akaunga mkono kabla sijakaa. Kura sikupiga. Kazi amepewa.

Nimebakiza majoho manne, Jumatano nayamaliza. Alhamisi anakuja na patasi yake. Ametuma neno kwamba nisijisumbue, vumbi atalifagia yeye mwenyewe, nami nimemrudishia neno kwamba safari hii fagio ni langu.