Ulimnyooshea Nani Kidole, Mama?

Mama,

Mijakaranda imechanua barabara nzima, kuanzia duka la ushirika mpaka kona ya kanisani, na mimi nimeinunia. Uliisubiri tangu upepo wa Agosti ulipokuwa ukitujaza vumbi machoni, halafu ukaondoka maua ya kwanza yakifunguka. Watalii wanaokwenda kreta kuona wanyama wanasimamisha Landrova zao mbele ya nyumba, wanapiga picha, wanaondoka. Hawajui kwamba nyumba yenye mti mkubwa kuliko yote ina msiba.

Baba hajambo. Anakula kidogo, anaongea kidogo zaidi. Sabuni haipatikani, sukari ndiyo usiseme. Tumbo langu limeshuka, na wanawake wa kanisani wakiniona wanaangaliana. Hapo ndipo ninapotaka tuzungumze. Uliniita kutoka Singida nije nijifungulie kwako, ukaniambia, "Usihofu, Mama Boay ndiye atakayekupokelea mtoto." Mama, huyo jirani yako nilimtilia shaka tangu siku niliyoshuka kwenye basi.

Barua zako za kila Oktoba zilijaa habari zenu: mmekaa kwenye benchi pale nje, mnabishana ni mti upi umetangulia kuchanua. Asubuhi anakuja kuomba moto, anabeba makaa kwenye kigae. Mimi nimefika, sijaona mtu wa kuomba moto. Ulipozidiwa, rafiki yako hakukanyaga hapa. Makaburini alisimama peke yake kule kwenye ua wa minyaa, na msibani hakuja kulala hata siku moja. Nilipompelekea kibuyu chake cha maziwa kilichobaki kwetu alirudi nyuma, akaniambia nikiache njiani niende zangu. Mtu asiye na neno moyoni anakimbia kibuyu chake mwenyewe?

Na kila jioni anasimama ng'ambo ya barabara, kanga begani, anautazama mti wetu. Miti iko mingi, yeye ni wetu tu. Anautazama, anatazama dirisha la chumba chako, anarudi kwenye mti. Nani ana nafasi ya kutazama maua siku hizi? Nikaanza kufagia maua yanayodondoka na kuyachoma, asije akaokota kitu cha kwetu akakipeleka anakokujua. Cheka tu. Hata mtungi wa maji nilikuwa naufunika mara mbili.

Kisha kuna kile kidole. Siku yako ya mwisho hukuweza kusema tena. Uliinua mkono, ukanyoosha kidole dirishani, ukang'ang'ania hivyo mpaka nikakusaidia kuushusha. Nikachungulia. Ng'ambo alikuwa amesimama Mama Boay, na yeye kidole juu! Nikajiambia, mama ananionyesha aliyemmaliza. Sikumwambia baba wala mtu yeyote. Nimekaa na jambo hilo, nakula nalo, nalala nalo, na mtoto anacheza tumboni.

Jana nikashindwa. Nilitoka nikaanza kuvuka barabara, nikamuuliza kwa sauti anatafuta nini kwetu. Akapiga kelele, "Simama hapo hapo! Na tumbo hilo usinisogelee!" Nikasimama. Uso wake ulikuwa na hofu, Mama. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu, ila si kwa yeye kuniogopa mimi.

Akanieleza akiwa kule kule. Mkwe wake mimba iliharibika, humo nyumbani mwake, siku chache kabla sijafika. Kwa Wairaqw nyumba iliyopatwa na hayo hujitenga. Haiombi moto, haichangii maji wala chombo na mtu, haiingii kwa watu, mpaka wazee waiondolee mwiko. Na wa kuepukwa kuliko wote ni mwenye mimba, yasije yakampata na yeye. Tena hayatangazwi. "Mama yako alijua," akasema. Kwa hiyo mlipatana: wewe kitandani, yeye ng'ambo, mtautazama mti mmoja. Siku ile ua la kwanza lilifunguka kwenye tawi la juu, upande wa barabara. Wewe ukalionyesha, na yeye akakujibu. "Alinishinda," akasema. "Aliliona kabla yangu."

Nililia katikati ya barabara mpaka lori la mahindi likanipigia honi.

Lakini na wewe, Mama! Ulijua yote, ukaniacha nimwone mwenzako mchawi! Najua ulitaka kumsitiri mkwe wa watu. Najua pia hukujua kwamba siku zako ni chache hivyo. Bado nimekukasirikia, na hasira yenyewe sina pa kuipeleka ila hapa.

Nawe unanijua. Leo asubuhi nimemuuliza mke wa mchungaji, Mwiraqw mwenyewe, kama mambo hayo yapo. Yapo. Nikamuuliza na muuza maziwa anayetoka kijiji cha Buger. Yapo, tena akanishangaa. Hata hivyo jioni hii nimechungulia kwenye pazia. Alikuwepo. Maua yanadondoka kwa fujo sasa, barabara imekuwa ya zambarau, na yeye amesimama anaangalia juu, anajifuta macho kwa pembe ya kanga. Nimemtazama kwa muda mrefu, natafuta uongo. Nikaona mtu aliyefiwa.

Wazee wanaifungua nyumba yake wiki hii. Kila nikikaa namwomba huyu wa tumboni avumilie kidogo.

Pumzika, Mama, usinihangaikie tena. Nakuahidi hivi: uchungu ukinishika, nitamwita Mama Boay na si mwingine. Macho sitafumba. Nitaiangalia mikono yake mwanzo mpaka mwisho, maana ndivyo ulivyonizaa. Lakini nitamwita.

Mwanao,
Neema