Msitu Uliokuwa Kimya

Kwa Dada mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na shemeji, na kwamba goti lako sasa linakubali ngazi. Mimi ni mzima, ila nina jambo. Nitalifikia taratibu, unanijua.

Jumamosi tarehe 14 ofisi yetu ya ramani ilitupeleka kutembea msituni. Mwongozaji alitangulia, mtu mwembamba anayekanyaga majani kama anayeogopa kuyaamsha. Mwanga ulishuka wa kijani, tukawa kama tunaotembea chini ya maji. Mbega waliruka juu yetu, mikia myeupe ikielea nyuma yao. Nilimwona ndege hondohondo amefunua mdomo wake mkubwa. Miti ilikuwa mirefu hata shingo zikachoka kabla ya macho.

Tulipopumzika niliandika katika shajara: "Saa nne na robo. Msitu kimya kabisa." Mchoraji mwenzangu, tunayemwita Bi Chungulia kwa kupenda kusoma vya watu, alichungulia begani kwangu akacheka hadi akashika mti. Akanisogelea.

"Wewe mwenzetu ulikuwa msitu gani? Ndege wametupasua masikio tangu asubuhi."

Wenzetu wakacheka, nikacheka nao, nikafunga shajara.

Mbele tukaufikia mti mkubwa kuliko yote, mizizi yake imesimama kama kuta za nyumba. Mwongozaji alieleza kwamba waliopoteana msituni hugonga mizizi hiyo, na mwenzao hujibu kwa kugonga. Akaupiga kwa gogo. Mimi nilikuwa nimeweka kiganja pale, na ule mshindo ukanipanda mkononi hadi kifuani. Wenzangu walikwenda, mimi nikabaki nimeuegemea, hata mwongozaji akarudi kunichukua.

Dada, masikio yangu yanazima, mwaka wa pili sasa. Sauti nene za karibu bado nazipata. Nyingine naitikia kwa kubahatisha. Binamu ndiye aliyenieleza kwamba mara ya mwisho uliponipigia simu ulisema Mama amelazwa. Nami nilikujibu, "Vizuri sana, msalimie." Tangu hapo hukunipigia tena, na nilistahili. Lakini haikuwa kiburi. Sikusikia, na niliona aibu kukuomba urudie.

Nakuja Ijumaa kwa basi la asubuhi, nimwangalie Mama. Mpe salamu zangu, na shemeji pia. Ukinipokea stendi usiniite kwa mbali. Nigonge begani, nitageuka.

Mdogo wako,
Kitinda