Akeyo Chini ya Mwavuli

Migosi, Jumanne, Machi 1988

Kumbe mtu anaweza kukuudhi na bado ukazidi kumpenda! Onyango wangu, mtoto wa mjini, amepalilia karai letu lililotoboka, tulilopandia mboga pale mlangoni. Ameng'oa akeyo yote, ile mboga chungu niliyopewa mbegu na mama yake, akaacha gugu moja refu.

"Nimekusaidia, mpenzi," akasema, tope mpaka viwikoni.

"Umeng'oa mboga ya mama yako! Jumamosi akija nimpikie gugu?"

Maskini, alinywea. Tukairudisha miche udongoni, mmoja mmoja, akaifunika kwa mwavuli wake.

Naogopa haitashika. Mama mkwe ataniona mvivu, na hata mwezi sijamaliza tangu niolewe...

"Tutasema ni kuku," nikamwambia.

"Hapana. Nitamwambia ni mimi."

Kesho atatembea juani mpaka kazini Kondele. Mwavuli unabaki na mboga.